Bob Marley: Sura ya marehemu ni mali ya nani?

Fulana ya kwanza niliyoipenda maishani ilikuwa ya mtumba, na kifuani ilikuwa na picha ya Bob Marley. Niliipata nikiwa mwanafunzi katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Sikujua wakati huo kwamba picha za mtu yule zilikuwa zimeshapelekwa mahakamani. Leo ni mwalimu hapa nyumbani, na wanafunzi wangu nao wanazivaa bila kujua kisa chake.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, nchini Jamaica. Baba yake alikuwa Mzungu ambaye hakukaa na familia, hivyo alilelewa na mama yake, Cedella. Walihamia Trench Town, mtaa wa makabwela mjini Kingston, ambako kijana huyo alijifunza kuchomelea vyuma kabla ya muziki kumchukua moja kwa moja. Mwaka 1963 yeye, Peter Tosh na Bunny Livingston waliunda kundi lililokuja kujulikana kama The Wailers. Miaka kumi baadaye albamu zao zilianza kuuzwa ng'ambo.

Tarehe 3 Desemba 1976, siasa za Jamaica zikiwa zimechafuka, watu wenye silaha walivamia nyumba yake na kumjeruhi yeye, mkewe Rita na meneja wake. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani akiwa na majeraha, kisha akaondoka nchini. Alikwenda kuishi London, na huko akarekodi albamu ya Exodus iliyotoka mwaka 1977. Sisi tuliokulia ugenini tunaelewa kwa nini albamu hiyo inazungumzia safari.

Alirudi Jamaica, na tarehe 22 Aprili 1978 aliwaita jukwaani mahasimu wawili wakubwa wa siasa, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono. Aprili 1980 alitumbuiza katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mjini Harare, ambao wakati huo uliitwa Salisbury. Saratani ilimuua mjini Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Hakuacha wosia.

Mali yake ilizua kesi nyingi, lakini moja ya mali hizo haikuwa shamba wala nyumba. Ilikuwa sura yake. Kila aliyekuwa na mashine ya kuchapa fulana aliona kwamba picha ya marehemu huyo inauza. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Jamaica iliamua kesi ya Wakfu wa Robert Marley dhidi ya Dino Michelle, kampuni iliyouza fulana zenye picha yake bila kibali. Mahakama ilikubali kwamba haki ya kunufaika kibiashara na jina na sura ya mtu maarufu ni mali, na kwamba haifi pamoja na mwenyewe.

Nchini Marekani familia ilipita njia nyingine. Mwaka 2008 kampuni yake, Fifty-Six Hope Road Music, iliishtaki kampuni ya A.V.E.L.A. huko Nevada. A.V.E.L.A. ilikuwa imepata picha za Marley kutoka kwa mpiga picha, ikawaruhusu watengeneza nguo wazitumie. Swali halikuwa nani mwenye picha, bali kama mnunuzi angedanganyika akadhani kwamba familia imeidhinisha bidhaa ile. Mwaka 2011 jopo la raia lilisema ndiyo, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubaliana nalo. A.V.E.L.A. iliamriwa kulipa zaidi ya dola 300,000.

Wapo wanaosema Marley ni wa watu wote, na kwamba familia imegeuza mtetezi wa wanyonge kuwa nembo ya biashara. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mahakama hizo hazikumkataza mtu kumpenda Marley, kumwimba wala kuandika habari zake. Zilimzuia mfanyabiashara kuuza kana kwamba ametumwa na wenyewe.

Nalikumbuka jambo hili kila nikifikiria darasa letu la kambini. Wageni walikuja, wakatupiga picha, wakaondoka. Baadaye nilimwona mwenzangu wa dawati moja kwenye bango la kuombea michango, akitabasamu. Hakuna aliyekuwa amemwomba ruhusa, wala wazazi wake. Marley alikuwa na jina kubwa, kampuni na mawakili wa kumsemea hata kaburini. Mwenzangu alikuwa hai, na hakuwa na wa kumsemea.