Volkens, Mjerumani ambaye jina lake labebwa na mukau

WAKULIMA wa Kitui na Makueni huuita mukau. Wanasayansi huuita Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1855.

Kati ya 1892 na 1894 Volkens alishiriki utafiti wa Kilimanjaro, akikusanya mimea kutoka kituo cha Marangu. Mwaka wa 1895 Robert Gürke aliutambulisha mti huo kwa wanasayansi na kuupa jina la mwenzake. Volkens alichapisha kitabu kuhusu mlima huo mwaka wa 1897, akazuru visiwa vya Pasifiki, kisha akafariki mwaka wa 1917.

Enzi zake homoni za mimea hazikuwa zimetambuliwa. Leo yafahamika kuwa mmea ukishambuliwa na vimelea hutengeneza asidi ya salisili, homoni inayoamsha kinga yake. Na kwamba mimea mingi ikinyunyiziwa kiasi kidogo mapema hujiandaa kabla ya maradhi kuingia.

Mbegu ya mukau hupatikana kwa kupasua kokwa gumu. Hivyo, kila mche unaooza kitaluni ni pigo kwa mkulima anayetarajia mbao, mizinga na malisho ya kiangazi. Jina la Volkens limehifadhiwa. Miche ndiyo ingali inahitaji ulinzi.