Mkwara wa Idi Amin, deni la West Nile

JINA la Idi Amin Dada halijapoa midomoni mwa watu wa Arua na Koboko, ingawa ni zaidi ya miaka 20 tangu afariki na kuzikwa Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Wapo wanaomkumbuka kama mwana wa nyumbani aliyefika mbali. Wapo wanaomkumbuka kwa ndugu waliochukuliwa usiku na hawakurudi. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo. Yanamtazama kwa upande mmoja tu: kama mtu aliyejua kupiga mkwara kuliko viongozi wengi wa wakati wake, hadi siku alipompigia mtu asiyeweza kurudi nyuma.

Wanaocheza poka, ule mchezo wa karata wa kuweka dau, wanaifahamu hali hiyo. Karata ya mwisho ikishafunuliwa, hakuna tena ya kungojea. Mwenye karata mbovu ana njia mbili. Ama akubali kushindwa, ama aweke dau kubwa ili mwenzake aogope na kujitoa. Mwenzake naye ana njia mbili: kujitoa, au kulipa dau hilo ili karata zionekane.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mezani kuna Sh100,000 na mtu ameweka dau la Sh50,000. Mkwara wake ukifaulu mara moja katika kila mara tatu, hajapoteza kitu. Anayelipa naye anatoa Sh50,000 ili apate Sh150,000. Akimnasa mwongo mara moja katika kila mara nne, naye hajapoteza. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Anayetisha lazima ajiulize kama mwendo wake wa nyuma unafanya dau lake liaminike. Kisha ajiulize kama huyo aliye mbele yake ana nafasi ya kujitoa.

Swali la kwanza Amin alilijibu vizuri kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko na mama yake Mlugbara. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi tangu 1951 hadi 1960, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha uofisa.

Februari 1966 jina lake lilitajwa bungeni, pamoja na la Waziri Mkuu Milton Obote, katika kashfa ya dhahabu na pembe za ndovu kutoka Congo. Mei mwaka huo huo aliongoza jeshi kuishambulia ikulu ya Kabaka, Lubiri. Januari 25, 1971, Obote akiwa katika mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore, jeshi lilitwaa nchi na Amin akawa Rais.

Agosti 1972 alitangaza kuwa Waasia wenye pasi za Uingereza wapewe siku 90 waondoke. Wengi walidhani ni vitisho vya kupita. Haikuwa hivyo. Makumi ya maelfu waliondoka na kuacha maduka, viwanda na nyumba. Wafanyabiashara wa umri mkubwa hawajasahau kilichofuata: sukari, chumvi na sabuni viliadimika, magendo yakashamiri mipakani, na mwaka 1975 ikatoka amri iliyoweza kumfikisha mlanguzi kwenye adhabu ya kifo.

Hasara ya uchumi ilikuwa kubwa. Hata hivyo, kwa mpiga mkwara, mwaka 1972 ulikuwa mtaji. Alikuwa ameonyesha kwamba anaweza kutenda jambo ambalo hakuna aliyedhani atalitenda. Tangu hapo, kila alipotoa tishio, wakubwa wa dunia walilazimika kujiuliza mara mbili.

Mfano ni wa mwaka 1975. Mwalimu wa Kiingereza, Denis Hills, alihukumiwa kifo kwa maneno ya kumkashifu Rais katika muswada wa kitabu chake. Serikali ya London ilipiga hesabu ya roho ya mtu mmoja dhidi ya heshima yake, ikaamua kujitoa. Waziri wa Mambo ya Nje, James Callaghan, alifunga safari hadi Kampala Julai mwaka huo na kurudi na raia wake. Uingereza haikukosea, kwani gharama ya kulipa ili ione karata ingekuwa maisha ya mtu. Amin naye alipata alichokitaka, yaani waziri wa dola iliyomtawala kuja kwake kuomba.

Dalili ya kwamba mbinu hiyo ina mwisho ilionekana Februari 1976. Amin alidai kuwa eneo kubwa la magharibi mwa Kenya lilikuwa la Uganda, mpaka karibu na Nairobi. Mzee Jomo Kenyatta hakujitoa. Wananchi waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Nchi isiyo na bahari haiwezi kugombana na mwenye bandari. Amin alilegeza msimamo. Mkwara ulikuwa umelipiwa, lakini mapema, wakati bado alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma bila kufilisika.

Julai 4 mwaka huo makomandoo wa Israel walitua Entebbe na kuwachukua zaidi ya mateka 100 wa ndege ya Air France iliyotekwa. Kwa siku kadhaa Israel ilikuwa imejionyesha kama inayokubali mazungumzo. Safari hii aliyepigiwa mkwara alikuwa Amin mwenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye lile swali la pili, la nafasi ya kujitoa. Kufikia 1978 karata za Amin zilikuwa mbovu. Jeshi liligawanyika, na baadhi ya askari waliasi baada ya Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, ambaye naye alikuwa wa West Nile, kuumia katika ajali ya gari na kutengwa. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Uganda yalivuka mpaka wa Tanzania. Novemba 1 ilitangazwa kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa.

Kwa nini Amin aliamini Mwalimu Julius Nyerere hatalipa? Mwaka 1972, baada ya wafuasi wa Obote kushindwa walipovamia kutoka Tanzania, Nyerere alikubali mapatano ya Mogadishu na kurudi nyuma. Inaonekana Amin aliona kuwa aliyejitoa mara moja atajitoa tena. Tanzania ilikuwa nchi maskini, na vita ni ghali.

Kosa lake lilikuwa kutoitazama nafasi ya mwenzake. Mwaka 1972 Nyerere angeweza kujitoa kwa sababu ardhi yake haikuwa mezani. Mwaka 1978 wananchi wake walikuwa wameuawa na kuporwa, na kipande cha nchi kimetangazwa kuwa cha mwingine. Kwa kuitwaa Kagera, Amin aliziba mlango ambao Nyerere angetokea. Amin alipomwalika redioni wamalize ugomvi kwa ndondi, Muhammad Ali awe mwamuzi, Dar es Salaam haikucheka. Alipoahidi kuondoka kwa masharti, sharti halikukubaliwa.

Karata zilipofunuliwa, hazikuwa na kitu. Masaka na Mbarara zilianguka Februari 1979. Askari waliotumwa na Libya walishindwa pamoja na jeshi la Amin huko Lukaya mwezi Machi. Kampala ilitekwa Aprili 11. Amin alipitia Arua, akaenda Libya, kisha Saudi Arabia alikoishi hadi kufa. Mwanzoni mwa Juni jeshi la Tanzania lilifika Arua na mpaka wa Sudan.

Aliyeweka dau aliondoka mezani, na deni likabaki kwa watu wa West Nile. Watu wengi wa huku hawakuwa wamekula kitu katika utawala wake. Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa 1974, na Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alikufa mwaka huo huo katika jaribio la kumpindua. Lakini Oktoba 1980, askari wa zamani wa Amin walipovamia kutoka ng'ambo, jeshi jipya la serikali lililipiza kisasi kwa raia. Juni 24, 1981, waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua mjini, waliuawa humo humo. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire. Wengi wenu mnaosoma haya mlivuka mkiwa mmebebwa mgongoni, au mlizaliwa kambini.

Mfanyabiashara wa Oraba au Vurra hupiga na kupigiwa mkwara kila siku. Mnunuzi hujifanya anaondoka, muuzaji hujifanya mzigo umekwisha. Hiyo si dhambi, ndiyo biashara. Ila kabla ya kutisha, angalia kama umemwachia mwenzako njia ya kujitoa bila kuaibika. Na ukiona mtu anatisha kwa niaba yako, awe mwanasiasa au mkubwa wa kabila, muulize kwanza fedha iliyo mezani ni ya nani. Mwaka 1978 hakuna aliyewauliza watu wa Koboko.