Bwana Leslie Brown na Viota vya Heroe

Katika gazeti letu la muhula huu nimeona vema niwaletee habari za Bwana Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyefariki mwaka 1980.

Bwana Brown alizaliwa India mwaka 1917. Alifanya kazi Nigeria kwanza, na mwaka 1946 akahamia Kenya, akawa mmoja wa wakubwa wa Idara ya Kilimo. Kazi yake ilikuwa mashamba, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege.

Siku zile heroe wadogo, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, walionekana kwa malaki katika maziwa ya Kenya, lakini wataalamu hawakujua kwa hakika wanakotaga. Mwaka 1954 Bwana Brown alipanda eropleni, akapita juu ya Ziwa Natron, kaskazini ya nchi yetu, akaviona viota vyao katikati ya tope.

Hakuridhika kuviona kutoka juu. Alikwenda kwa miguu ili avifikie. Tope likamzamisha, magadi yakaingia viatuni na kumchoma vibaya. Alirudi bila kufika, akalazwa hospitali majuma mengi. Hata hivyo hakuacha uchunguzi wake, na mwaka 1959 alitoa kitabu juu ya heroe.

Basi tope lile lililomshinda yeye ndilo linalomzuia fisi na mbweha. Heroe hujenga kichuguu cha tope, akataga yai moja tu juu yake, lisifikiwe na maji wala joto kali la ardhi. Maji yakizidi, viota huzama. Yakikauka, maadui hupita. Mwaka 1962, baada ya mafuriko, heroe walikwenda kutaga Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda miguuni mwa makinda mfano wa pingu. Wengi walikufa, na watu wakaingia ziwani kuwavunjia pingu hizo.

Lakini mwanadamu aweza kuwatengenezea ndege mahali pa kutaga. Mwaka 2006 kilijengwa kisiwa katika bwawa moja karibu na Kimberley, Afrika Kusini. Heroe wakakipenda, wakaangua makinda.

Sisi wa Likawage hatuna ziwa la magadi, lakini yangeyange na wenzake wanahitaji jambo lile lile: mahali penye maji ambapo adui hafiki kwa urahisi. Tuyaache matete kando ya mito na madimbwi, tusiikate miti iliyoinamia maji, tusiwashe moto karibu na viota, wala tusichukue mayai. Bwana Brown aliumia miguu akitafuta viota. Sisi twaombwa tu kuizuia mikono yetu.