George Washington Carver: Mtu Aliyekuja kwa Muda

Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliniuliza kwa nini ukurasa huu unaandika kila mara habari za wamisionari na wahubiri, wakati sisi wengi hapa ni wakulima na mafundi. Neno lake lilinigusa. Basi safari hii nimechagua mkulima, tena mkulima wa karanga na viazi vitamu, vitu ambavyo karibu kila mmoja wenu anavyo nyuma ya nyumba.

Anaitwa George Washington Carver. Chuo cha Biblia tulimsoma kwa haraka sana, na nilichokumbuka ni kwamba alipata matumizi mengi ya karanga, basi. Nilipokuja kumsoma vizuri nikaona karanga siyo habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba mtu huyu alifika mahali akikusudia kukaa miaka michache tu, akakaa zaidi ya miaka 46 mpaka kufa, na kila siku ya miaka hiyo alikuwa na kitu cha kumfurahisha. Nadhani sisi tunaokwenda kila juma kusoma majina ubaoni tunaweza kumsikiliza mtu kama huyo.

Alizaliwa mtumwa karibu mwaka 1864, katika shamba la Moses na Susan Carver huko Diamond Grove, jimbo la Missouri, Marekani. Tarehe yenyewe haijulikani. Kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuwa jambo la kuandikwa. (Wale ambao kadi zao zinasema walizaliwa tarehe 1 Januari, kama mimi na nusu ya wazee wa kanisa, wataelewa.) Baba yake alikufa kwa ajali. Nchi ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na usiku mmoja wanyang'anyi walivamia shamba, wakamchukua mama yake Mary pamoja na yeye akiwa bado mchanga, wakawapeleka upande wa Arkansas. Moses alimtuma mtu awatafute. Yule mtu alirudi na mtoto tu, tena anakohoa kifaduro karibu na kufa. Kwa kazi hiyo alilipwa farasi. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipokwisha, Moses na Susan walimlea George pamoja na kaka yake Jim. Jim alikuwa na nguvu, akafuata kazi za shamba. George alikuwa dhaifu, kwa hiyo alibaki nyumbani na Susan, akajifunza kupika, kufua, kushona, kufuma na kupamba vitambaa kwa sindano. Akipata nafasi aliingia msituni, akang'oa miche na kuihamishia mahali pake pa siri, bustani ambayo hakumwonyesha mtu. Majirani walipoona mkono wake, walianza kumletea maua yao yaliyokuwa yakifa ili ayaponye. Shikeni mambo haya matatu: kufuma, kufua na kutembea msituni asubuhi. Alipata digrii, alikutana na marais, jina lake likaenda mbali, lakini hayo matatu hayakumwacha.

Shule ya watoto weusi ilikuwa mji wa Neosho, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Alikwenda akiwa na miaka kumi na kidogo, hajui mtu, akalala katika banda la mifugo. Mama mwenye nyumba jirani, Mariah Watkins, mkunga na dobi, alimkuta asubuhi akamchukua. Alimpa kazi ya kufua baada ya masomo, na kabla hajaondoka alimpa Biblia. Biblia hiyo aliisoma mpaka uzee wake.

Kutoka hapo ilikuwa miaka ya kuhama. Alikwenda Fort Scott, Kansas, na mwaka 1879 aliona kundi la watu wakimtoa mtu mweusi gerezani na kumwua hadharani. Aliondoka mji ule. Sina haja ya kuwaeleza ninyi maana ya kuondoka hivyo. Alihama mji hadi mji, akifua na kupika kwa watu ili asome, na akamaliza shule ya sekondari. Akaandikia chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa kwa barua, akafunga safari. Alipofika na kuonekana ni mweusi, akarudishwa mlangoni. Ndipo alipokwenda nyikani, wilaya ya Ness, mwaka 1886, akajijengea nyumba ya matofali ya udongo wenye majani, akalima kwa mkono zaidi ya ekari 15. Huko nyikani alikuwa akichora picha, akipiga kinanda cha mkono na kukusanya mawe na mimea.

Mwaka 1890 alifika Iowa, katika chuo cha Simpson, akasoma uchoraji na piano. Alipokwisha kulipa karo alibakiwa na senti 10. Alinunua unga wa mahindi wa senti 5 na mafuta ya ng'ombe ya senti 5, akala hivyo wiki nzima. Kisha akaanza tena kufulia wanafunzi wenzake nguo. Lengo lake lilikuwa wazi: awe mchoraji. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona kipaji, lakini alihofia kwamba mtu mweusi hatapata chakula kwa picha. Baba yake Budd alifundisha kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Ames, na Carver alishauriwa kwenda huko. Alikwenda mwaka 1891, mwanafunzi mweusi wa kwanza, na mwanzoni aliambiwa ale chini pamoja na wafanyakazi, siyo na wanafunzi. Alipata digrii ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Katikati, mwaka 1893, picha yake ya mmea wa yuka ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago na kutajwa kwa heshima. Kwa hiyo haikuwa ndoto ya bure. Mtu huyu alikuwa mchoraji kweli, akauacha uchoraji kwa sababu aliona watu wake, wakulima weusi wa Kusini, wanamhitaji zaidi kwenye udongo.

Booker T. Washington alimwita Alabama, chuo cha Tuskegee, mwaka huohuo wa 1896, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Muda mfupi baada ya kufika, Carver aliandikia kamati ya fedha ya chuo. Aliomba nafasi zaidi kwa ajili ya mikusanyo yake ya mimea, na akaeleza kwamba hatarajii kufundisha miaka mingi. Akishapata wa kumwachia kazi, atarudi kwenye brashi yake. Yaani alijihesabu mpita njia. Na mnajua jinsi mpita njia anavyokaa. Mimi mwenyewe nilikaa hapa miaka mitatu bila kupanda hata mpapai mmoja, kwa sababu papai litaiva nani akiwepo? Majirani waliopanda walikuwa wakinigawia mapapai yao, nami nikala bila aibu.

Carver hakufanya hivyo. Barua ya kuondoka aliiandika, lakini asubuhi yake aliipanda palepale. Aliamka karibu saa kumi alfajiri, akaingia msituni peke yake, akatembea, akaomba, akaokota majani, uyoga na mawe, kisha akarudi kabla ya kazi. Katika matembezi hayo alichuma ua au kitawi kibichi, akakichomeka kwenye koti lake. Koti lenyewe lilikuwa kuukuu, limeshonwashonwa. Tai aliifuma mwenyewe na kuitia rangi ya mimea. Jioni alifuma au alichora. Rangi za dukani zilikuwa ghali, naye aliona udongo wa Alabama ni mwekundu, wa manjano, na mahali pengine wa buluu, akausaga na kuuchuja, akachora nao.

Msidhani alikuwa malaika. Watu wengi wanaoandika habari zake wanapita haraka hapa, mimi sipendi kupita. Alifika na kupewa vyumba viwili wakati walimu wengine wasio na wake walilala wawiliwawili, wakanung'unika, na yeye hakujua kunyenyekea kwao. Alikuwa msimamizi mbovu. Alipewa kuangalia mradi wa kuku wa chuo, kuku wakafa na kupotea, na mwaka 1904 kamati iligundua kwamba taarifa alizotoa za kuku hazikuwa za kweli. Ilikuwa aibu kubwa. Aligombana na Washington mara nyingi, akaandika mara kwa mara kwamba anajiuzulu, na hakwenda. Basi kutosheka kwake hakukuwa kwa mtu asiyeumizwa na kitu. Aliudhika Jumatatu, na Jumanne saa kumi alikuwa msituni.

Kazi yake nayo ilianza bila kitu. Maabara haikuwepo. Alikwenda na wanafunzi kwenye majalala, wakaokota chupa, vifuniko, vipande vya waya na sufuria zilizotupwa, akatengeneza vyombo. Udongo ulikuwa umechoka kwa kulimwa pamba mwaka hadi mwaka. Mkulima wa kawaida alikuwa na deni dukani na pamba mpaka mlangoni, lakini mezani hapakuwa na kitu. Carver alifundisha kupanda kunde, karanga na viazi vitamu kwa kupokezana na pamba. Kunde na karanga zina vifundo kwenye mizizi, na humo wadudu wadogo wasioonekana hukamata naitrojeni ya hewani na kuirutubishia ardhi. Ukivuta shina la karanga polepole utaviona vile vifundo, nendeni mkatazame leo. Mbolea ya dukani mkulima hakuweza kununua, hivyo aliwaonyesha kuoza majani na kuzoa tope jeusi la mabwawani. Yote hayo bila fedha.

Na kwa kuwa wakulima hawakuweza kuja chuoni, chuo kiliwafuata. Mwaka 1906 gari la kukokotwa na wanyama lilianza kuzunguka vijijini likiwa na zana na mbegu, na aliyelipangia vifaa ni Carver. Aliandika pia vijitabu 44 kwa maneno mepesi. Cha mwaka 1916 kilieleza kulima karanga na njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula. Wengine husema ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Siyo kweli, ilikuwepo kabla yake, na bibi zetu walisaga karanga kabla ya wote. Vitu vingi alivyotengeneza maabarani havikufika sokoni. Ila katika vijitabu vyake mama wa kijijini alipata chakula, na pia namna ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa shambani kwake. Carver aliamini kwamba mtu maskini anahaki ya kitu kizuri mbele ya macho, ua mlangoni au ukuta uliopakwa, siyo shibe peke yake. Jambo hili watu wa miradi wanalisahau, na sisi wachungaji pia.

Sifa zilikuja akiwa mtu mzima. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge huko Washington kuhusu ushuru wa karanga kutoka nje. Alipewa dakika 10. Baadhi walimkejeli, yeye akaendelea kutoa vitu kutoka sandukuni kimoja kimoja, wakamwongezea muda tena na tena hadi ikapita zaidi ya saa nzima. Baada ya hapo magazeti hayakumwacha. Aliporudi Tuskegee alirudia darasa lake la Biblia la Jumapili, lililoanza na wanafunzi wachache na kuendelea karibu miaka 30. Alikuwa akiingia na jani au jiwe mkononi na kuanzia hapo.

Hakuoa. Katika chumba chake aliweka gurudumu la kusokotea uzi lililokuwa la mama yake Mary, kitu pekee karibu alichobakiwa nacho kutoka kwake. Akiba yake, kiasi cha dola 60,000, aliitoa kwa ajili ya utafiti na jumba la makumbusho chuoni. Mwishoni mwa 1942 alianguka, na tarehe 5 Januari 1943 akafariki. Walimzika Tuskegee, kando ya Booker T. Washington, yule bosi aliyemwandikia barua nyingi za kuacha kazi.

Kuhusu brashi: kufundisha aliacha polepole alipozeeka, lakini ile safari ya kurudi kwenye uchoraji peke yake haikutokea. Alichora jioni tu, miaka yote hiyo. Picha zilitundikwa katika jumba lake la makumbusho, na mwaka 1947 moto uliliunguza. Nyingi ziliteketea. Ile ya yuka, ya mwaka 1893, ilinusurika.