Richardson, dereva wa ambulansi aliyetaka kupiga hesabu ya mvua

Siku hizi hapa Kindu, mtu mwenye telefone na mega kidogo anaweza kuuliza kama kesho mvua itanyesha, na telefone inamjibu. Mara inasema kweli, mara inadanganya. Mama aliyeanika mpunga wake kwenye parseli anaitazama, kisha anatazama mbingu upande wa mto, na mara nyingi anaamini mbingu. Hatumlaumu. Lakini ile hesabu iliyo nyuma ya telefone ilianza na mtu, na yule mtu aliijaribu mara ya kwanza katikati ya vita, kwa mkono, akiwa dereva wa ambulansi. Jina lake Lewis Fry Richardson.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1881 huko Newcastle, kaskazini ya Uingereza. Kwa kujua ni zamani gani: miaka ile, huku Kasongo na Nyangwe, Tippu Tip na watu wake njo walikuwa wakubwa wa njia za pembe na za watumwa. Baba ya Richardson alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi. Watoto walikuwa saba, yeye wa mwisho. Jamaa yote walikuwa Waquaker, ni kusema watu wa kanisa la Marafiki, ambalo ndugu zetu wa Uvira wanalijua. Mquaker hashiki silaha. Jambo hilo tuliweke akilini, juu ya maisha yake yote yalisimama hapo.

Alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akapita kazi mingi. Kwa muda alikuwa katika kampuni iliyochimba ule udongo mweusi wa mabwawa ambao Wazungu wanauchoma kama makala. Walitaka kujua wakate mifereji namna gani ili maji yatoke. Hesabu ya maji yanayopita ndani ya udongo ilikuwa ngumu kupita kiasi, basi akaanza kutafuta njia ya mkato: badala ya kutafuta jibu moja kubwa lililo kamili, unakata ile shida vipande vidogo, unapiga hesabu ndogondogo, na jibu linalokaribia ukweli linatosha. Hiyo akili ya kukata vipande hakuiacha tena.

Alikuwa pia mtu wa maajabu kidogo. Mwaka 1912, meli Titanic ilipogonga jiwe la barafu na kuzama, yeye alipanda mtumbwi na bibi yake Dorothy karibu na kisiwa cha Wight, akapuliza filimbi ndogo ya watoto, na akaweka mwavuli nyuma ya sikio ili kusikia sauti inavyorudi kutoka ukutani. Alitaka meli iweze kusikia barafu usiku, gizani. Aliandikisha uvumbuzi ule mwaka ule ule. Watu waliomuona siku ile walifikiri nini, sijui.

Mwaka 1913 aliajiriwa na ofisi ya meteo ya Uingereza, akapewa kuongoza kituo cha Eskdalemuir, mahali pa baridi na upweke katika milima ya Scotland. Wakati ule namna ya kutabiri hali ya hewa ilikuwa hii: unachukua karata ya leo, unatafuta katika karata za zamani siku moja inayofanana nayo, unasema kesho itakuwa kama ilivyokuwa kesho ya siku ile. Hata wazee wetu wanafanya vile. Wanakumbuka mwaka fulani mawingu yalikaa hivi, kisha mto ukajaa. Richardson hakukubali. Aliona kwamba mbingu ya leo haijawahi kuwako hata siku moja. Lakini hewa inafuata sheria zilezile kila siku, sheria za joto, za uzito na za mwendo, na sheria zinaweza kupigiwa hesabu.

Fikiri ubao wa kuchezea dama. Richardson aliikata mbingu ya Ulaya miraba ya namna ile, kila mraba upana wa kilometa karibu 200, tena akaukata kwa kwenda juu kuwa tabaka tano. Katika kila chumba unaandika: hewa iko na uzito gani, joto gani, unyevu gani, upepo unakwenda wapi. Kisha unauliza, kufuatana na majirani zake, hiki chumba kitakuwa namna gani kisha masaa matatu? Unapiga hesabu, unaandika majibu mapya, unaanza tena. Ni kazi ya kijinga kwa urefu wake, lakini haina uchawi ndani. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya anaweza kuifanya.

Halafu vita ya 1914 ikaja. Katika 1916, Richardson akaacha kazi yake nzuri ya serikali. Hakutaka kuua, lakini hakutaka pia kukaa nyumbani wakati wengine wanakufa. Aliingia katika kundi la ambulansi la Waquaker, akatumwa Ufaransa kuchukua majeruhi wa jeshi la Wafaransa. Mwaka ule ule, watu wengi wa mashariki ya Kongo walibebeshwa mizigo ya Force Publique mpaka Tabora, na wengi hawakurudi. Ilikuwa vita moja.

Mchana na usiku aliendesha gari kwenye barabara za matope, chini ya mabomu. Wakipumzishwa nyuma ya mstari, wenzake walilala ama walicheza karata. Yeye aliketi juu ya lundo la majani makavu, mahali pa baridi na maji, na kufungua makaratasi yake. Alichagua siku moja iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, juu ya vipimo vya siku ile vilikuwa vimeandikwa vizuri. Akajaribu kutabiri masaa sita tu, kwa sehemu moja ya Ujerumani ya kusini. Ile kazi ilimkula karibu wiki sita.

Jibu likatoka vibaya kabisa. Hesabu yake ilisema uzito wa hewa utapanda kwa milibari 145 katika masaa sita. Hata kimbunga kikali cha baharini hakifanyi hivyo. Ukweli ni kwamba siku ile uzito wa hewa haukubadilika karibu kitu.

Tena katika mapigano ya Champagne, Aprili 1917, makaratasi yenyewe yakapotea. Yalikuwa yametumwa nyuma kwa usalama, yakapita mikono mingi, na miezi baadaye yakaonekana Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Mimi nikifika hapa katika maisha yake nasimama kila mara. Bila mtu mmoja kufukua yale makaa, tusingekuwa na habari hii.

Kitabu kilitoka 1922, nakala 750 tu. Na Richardson aliandika ndani lile kosa lake lote, wazi, namba kwa namba. Angeweza kulificha, nani angejua? Alisema shida iko katika vipimo vya kuanzia, si katika njia. Ilimchukua dunia miaka mingi kuona kwamba alisema kweli. Mtaalamu mmoja wa Ireland, Peter Lynch, alirudia ile hesabu yote kwa ordinatere, akasawazisha kwanza vile vipimo vya upepo na uzito vilivyokuwa havipatani, na jibu likaja karibu na ukweli. Njia ilikuwa nzuri. Mwanzo njo ulikuwa mbaya.

Hapo sisi watu wa Bonde la Kongo tunaguswa. Vituo vya kupima mvua vinavyotuma habari zake kila siku ni vichache sana huku kwetu kwa ukubwa wa nchi, na vita vimefunga vingine. Ile telefone inapodanganya mama wa mpunga, sehemu ya sababu ni ile iliyomwangusha Richardson: mashini kubwa za Ulaya zinaanza hesabu yetu bila kujua vizuri hewa ya Maniema iko namna gani leo asubuhi.

Katika kitabu kile kuna pia ndoto. Richardson aliwaza jumba kubwa la mviringo, sawa na uwanja wa michezo, ukutani karata ya dunia nzima imechorwa. Ndani wameketi watu 64,000, kila mmoja na kipande chake cha dunia cha kupigia hesabu, kila mmoja akipokea majibu ya majirani zake. Katikati, juu ya mnara, anasimama mkubwa wa kazi kama anayeongoza kwaya. Wanaokimbia mbele anawamulikia taa nyekundu kidogo, wanaochelewa anawamulikia ya buluu. Nje kuna viwanja, nyumba, milima na maziwa, maana aliona watu wanaopiga hesabu ya hewa wapate kuivuta wao pia.

Jumba lile halikujengwa. Lakini watu walikuja kufanya kitu kinachofanana nalo, wakiwa nyumbani mwao. Mwaka 1999, Myles Allen, mtaalamu wa Uingereza, alitoa wazo kwamba watu wa kawaida wakopeshe ordinatere zao. Septemba 2003, Chuo Kikuu cha Oxford kikafungua kazi hiyo, jina lake climateprediction.net. Unapakua programu, na wakati hutumii mashini yako, yenyewe inapiga hesabu ya hali ya hewa ya dunia. Tofauti na jumba la Richardson ni hii: kule kila mtu ana kipande cha dunia, huku kila ordinatere inabeba dunia nzima, lakini kila moja na dunia iliyogeuzwa kidogo. Hii mawingu yake yanamwaga mvua upesi, ile yanachelewa. Hesabu moja inaweza kukaa wiki nyingi. Ikimalizika, majibu yanarudi Oxford kwa intaneti.

Katika 2005 walitangaza matokeo ya kwanza, kwa msaada wa watu zaidi ya 90,000. Kama moshi wa kaboni angani ukiongezeka mara mbili, zile dunia mbalimbali zilipata joto toka karibu digrii 2 mpaka zaidi ya 11. Njia hiyohiyo ilitumika baadaye kuchunguza ukame wa 2014 katika Pembe ya Afrika. Walitengeneza mwaka ule mara nyingi sana, pamoja na moshi wa viwanda na bila moshi. Kwa upande wa mvua hawakuona mkono wa binadamu. Kwa upande wa joto linalokausha ardhi, waliuona.

Je, kijana wa Kindu anaweza kushiriki? Ordinatere ziko, hata za mkono wa pili. Shida ni kura. Mashini inayotaka kuwaka masaa mengi kila siku, kwa wiki nyingi, hapa itakula mafuta ya grupu bure, labda mwenyewe awe na pano za jua zinazozidi mahitaji yake. Kuandika mvua ya parseli kila asubuhi kunaomba kopo lenye kipimo, kaye na bic. Mimi naona huku njo tunakosekana zaidi.

Turudi kwa mwenyewe. Kisha vita alirudi katika ofisi ya meteo, lakini 1920 serikali ikaiweka ile ofisi chini ya wizara ya ndege, pamoja na ndege za vita. Richardson akatoka mara ya pili. Akawa mwalimu wa walimu huko London, na 1929 akapewa kuongoza chuo cha ufundi cha Paisley, Scotland. Yeye na Dorothy hawakuzaa. Walipokea watoto watatu, wavulana wawili na msichana, wakawalea.

Aliendelea bado kuchunguza jinsi moshi unavyosambaa hewani, mpaka akajua kwamba wataalamu wa gesi ya sumu wanapendezwa na kazi yake. Walitaka kujua sumu itasambaa namna gani juu ya watu. Hapo aliacha mambo ya hewa, na kazi ambazo hakuwa amezichapisha bado akaziharibu. Wengine watasema alipoteza bure elimu ambayo ingetusaidia wote. Si uongo. Lakini alikuwa amewabeba watu waliopigwa gesi katika gari lake.

Tangu pale akageuza hesabu yake upande wa vita yenyewe. Mwaka 1940 aliacha hata kazi ya chuo apate nafasi. Alikusanya mauaji ya tangu 1820, makubwa na madogo katika orodha moja: toka mtu mmoja aliyeuawa na jirani mpaka vita vya dunia. Aliona kwamba kuongea lugha moja hakuzuii watu kuuana. Aliona pia kwamba nchi yenye majirani wengi inaingia katika vita mingi zaidi. Kongo iko na majirani tisa, tuhesabu sisi wenyewe. Kwa ajili hiyo alitaka kupima urefu wa mipaka, akakuta Hispania na Ureno hazipatani: mpaka mmoja, nchi moja inasema kilometa 987, ingine 1,214. Kumbe ukipima na fimbo fupi, mpaka unakuwa mrefu, juu unafuata kila kona. Toka kwa jambo lile dogo wengine walizalisha tawi zima la hesabu.

Hata uzeeni hakutulia. Mwaka 1948 alionekana kando ya maji ya Scotland na rafiki yake Mmarekani, wakitupa majini vipande vya mzizi wa kupika, sawa na mtu anayetupa vipande vya muhogo, kwa kutazama vinavyoachana.

Mwaka 1950, Wamarekani walitumia mashini iliyoitwa ENIAC kufanya kile alichojaribu juu ya majani makavu. Kutabiri masaa 24 kuliwachukua karibu masaa 24. Walimtumia matokeo, akawapongeza. Alikufa usingizini tarehe 30 Septemba 1953, kijijini Kilmun. Vitabu vyake viwili juu ya vita havikuwa vimepata bado mchapishaji wa kawaida. Vilitoka 1960, mwaka wa uhuru wetu.