Frances Buss: Mwalimu aliyewafungulia wasichana mlango wa mtihani

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA mwaka 1863, wasichana 83 waliketi katika chumba cha mtihani jijini London na kugawiwa karatasi za maswali ambazo Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kimewatungia wavulana.

Jambo hilo halijapata kutokea kabla ya siku hiyo. Mitihani ya Cambridge kwa shule za sekondari ilianzishwa mwaka 1858, na kwa miaka mitano hakuna msichana aliyeruhusiwa kuigusa. Hata safari hii ruhusa ilikuwa ya majaribio tu, na ilipatikana zikiwa zimesalia wiki sita. Matokeo yao yasingetambuliwa rasmi.

Kati ya wasichana hao 83, 25 walitoka katika shule moja ya kaskazini mwa jiji, eneo la Camden. Mkuu wa shule hiyo alikuwa Frances Mary Buss, mwanamke mwenye umri wa miaka 36, ambaye alijua vyema kwamba waliokuwa wakisubiri kucheka walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakisubiri kupongeza.

Matokeo yalipotoka, wenye kucheka walipata cha kuchekea. Katika kundi la wakubwa lenye watahiniwa 40, wasichana 34 walifeli hesabu. Wanafunzi wa Buss nao hawakusalimika.

Mwalimu mwingine angeweza kuona aibu na kufunga ukurasa huo. Buss aliyasoma matokeo yale kama daktari asomavyo majibu ya vipimo. Kwake yeye, kufeli kule kulionyesha mahali penye ugonjwa: wasichana hawakuwa wamefundishwa hesabu, na kwa muda wote huo hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewapima. Alirudi Camden akalivalia njuga somo hilo, na mitihani iliyofuata ilionyesha tofauti kubwa.

Mwaka 1865 Cambridge kilikubali kuwapokea wasichana rasmi katika mitihani hiyo.

Mwalimu akiwa na miaka 14

Frances Buss alizaliwa London, Agosti 16, 1827. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 10, ambao si wote waliojaliwa kufikia utu uzima.

Baba yake, Robert William Buss, alikuwa mchoraji. Ndiye aliyeitwa mwaka 1836 kuchora picha za riwaya ya Charles Dickens iitwayo Pickwick Papers baada ya mchoraji wa kwanza kujiua, lakini kazi yake haikuwaridhisha wachapishaji na nafasi hiyo akapewa mtu mwingine. Mkono wa mchoraji haukuwa na uhakika wa mkate wa kila siku, na familia ilikuwa kubwa.

Hali hiyo ndiyo iliyomsukuma binti huyo kazini mapema. Alipofikisha miaka 14 alikuwa tayari akifundisha katika shule aliyokuwa akisoma, na alipofikisha 16 alikuwa akiachiwa shule nzima aiangalie pale mwenye shule anapokuwa hayupo.

Mwaka 1845 mama yake alifungua shule ya binafsi eneo la Kentish Town ili kuikimu familia, na Frances, wakati huo akiwa na miaka 18, akawa msaidizi wake.

Katika zama hizo, msichana wa tabaka la kati nchini Uingereza alifundishwa kupiga piano, kudarizi, kuongea Kifaransa kidogo na kuketi kwa adabu sebuleni. Hesabu, Kilatini na sayansi vilihesabiwa kuwa mali ya kaka zake. Msichana aliyefiwa na baba au kukosa mume alibaki na njia moja tu ya heshima ya kujipatia riziki, yaani kwenda kuwa mwalimu wa nyumbani katika familia ya watu wenye uwezo, akifundisha yale ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa sawasawa.

Buss aliiona hatari hiyo kwa sababu naye alikuwa nusura awe miongoni mwao. Mwaka 1848 chuo kiitwacho Queen's College kilipofunguliwa katika mtaa wa Harley kwa ajili ya kuwaelimisha walimu wanawake, alijiunga na masomo ya jioni. Mchana kutwa alifundisha, na usiku alikwenda na kurudi kwa miguu. Alipata vyeti vya Kifaransa, Kijerumani na jiografia.

Aprili 4, 1850, shule ya familia ilihamia katika mtaa wa Camden na kupewa jina la North London Collegiate School. Ilianza na wanafunzi 35, Frances akiwa mkuu wake, wadhifa alioushika hadi alipofariki dunia. Baba yake alifundisha kuchora na sayansi, na kaka zake walisaidia masomo mengine.

Tangu mwanzo, tofauti za dini na za hadhi ya wazazi hazikuwa kizuizi kwa msichana kupokelewa. Mzazi asiyetaka mwanawe afundishwe dini ya shule aliruhusiwa kumwondoa katika kipindi hicho.

Mbele ya tume

Novemba 30, 1865, Buss aliitwa kutoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza shule za sekondari nchini humo. Siku hiyo hiyo aliitwa pia Emily Davies, mwanamke aliyeongoza kamati iliyopigania mtihani wa 1863 na ambaye baadaye alianzisha Chuo cha Girton.

Kwa wanawake kuhojiwa na tume ya wanaume juu ya jambo la kitaifa lilikuwa jambo geni. Ujumbe wa Buss ulikuwa mmoja: wasichana wapimwe kwa kipimo kile kile wanachopimwa wavulana, kwa kuwa shule isiyopimwa haiwezi kujua inachofundisha.

Taarifa ya tume ilipotolewa mwaka 1868, ilikiri kwamba elimu ya wasichana ilikuwa ya juu juu, isiyo na msingi, na yenye kutilia mkazo mapambo kuliko maarifa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyowezesha sehemu ya mali za wakfu wa kale, ambazo kwa karne nyingi zilikuwa zikisomesha wavulana, kutumika pia kwa wasichana.

Hapo ndipo Buss alipochukua uamuzi ambao wafanyabiashara wachache wangeuchukua. Shule yake ilikuwa ikistawi na ilikuwa mali ya familia. Mwaka 1870 aliikabidhi kwa bodi ya wadhamini, yeye akabaki kuwa mwajiriwa, huku akitoa sehemu ya kipato chake kuisaidia.

Mwaka 1871 shule hiyo ilihamia majengo mengine, na katika majengo ya zamani akafungua shule ya pili, Camden School for Girls, yenye ada nafuu zaidi kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo.

Fedha za kuzipatia shule hizo majengo ya kudumu hazikupatikana kwa urahisi. Wavulana walikuwa wakichangiwa maelfu ya pauni, ilhali maombi kwa ajili ya wasichana yalirudi mikono mitupu. Hatimaye waliojitokeza ni vyama vikongwe vya jiji la London, kile cha watengenezaji bia na kile cha wafanyabiashara wa nguo. Mwaka 1879 mtoto wa Malkia Victoria, aliyekuwa mrithi wa kiti cha enzi, na mkewe walifungua majengo mapya.

Tundu la kifungo

Kadiri sifa za shule zilivyoenea, ndivyo waliobisha hodi walivyoongezeka, na wasichana walipaswa kufanya mtihani ili wapokelewe.

Mary Vivian Hughes, aliyeingia shuleni hapo mwaka 1883 na baadaye kuwa mwalimu na mwandishi, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyokwenda kufanya mtihani huo. Maswali ya kuandika hayakumsumbua. Kilichomkwamisha ni kipande cha kitambaa alichopewa ashone tundu la kifungo. Hakuwahi kujifunza, akarudishwa nyumbani akajifunze kwanza.

Kisa hicho kinamwonyesha Buss kwa pande zote mbili. Alitaka wasichana wake wajue aljebra kama wavulana, lakini hakutaka mtu yeyote aje kusema kwamba aljebra imewafanya washindwe kushona. Aidha, shule yake ilikuwa na kanuni nyingi mno, na Hughes ni mmoja wa waliolalamikia wingi huo.

Kwa upande mwingine, maadui hawakuwa wamelala. Mwaka 1874 daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, Henry Maudsley, aliandika makala akionya kwamba masomo mazito na mitihani vingeharibu afya ya wasichana. Alijibiwa mwaka huo huo na Elizabeth Garrett Anderson, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa daktari.

Jibu la Buss lilikuwa la vitendo. Wanafunzi wake walifanya mazoezi ya viungo, na afya zao zilikaguliwa. Masomo ya lazima yalimalizika mchana ili wasielemewe.

Mwaka huo wa 1874 aliwaunganisha wakuu wa shule za wasichana katika chama chao, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1878 Chuo Kikuu cha London kilifungua shahada zake kwa wanawake. Mwaka 1884 mmoja wa walimu wake wa hisabati, Sophie Bryant, alipata shahada ya udaktari wa sayansi katika chuo hicho.

Aliyoyaacha

Frances Buss hakuolewa. Alifariki dunia Desemba 24, 1894, mkesha wa Krismasi, akiwa na umri wa miaka 67, na akazikwa Theydon Bois, Essex. Nafasi yake ilichukuliwa na Sophie Bryant.

Shule zake mbili zingali hai, lakini zilishika njia tofauti. Camden School for Girls, ile iliyoanzishwa kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo, iliendelea kuchuja wanafunzi kwa mtihani hadi mwaka 1976, ilipogeuzwa kuwa shule ya kupokea wanafunzi wa viwango vyote. North London Collegiate ni shule ya kulipia, na wasichana wenye umri wa miaka 11 wangali wakishindania nafasi zake kwa mtihani.

Hapo ndipo penye fumbo katika urithi wa mwanamke huyu. Mtihani alioupigania ili msichana asizuiwe mlangoni, ndio huo huo ambao baadaye ulitumika kuamua nani aingie na nani abaki nje. Waingereza wamebishana juu ya jambo hilo kwa miongo kadhaa, na mjadala haujafungwa.

Afrika Mashariki nayo inaujua mtihani huo. Baraza lile lile la mitihani la Cambridge ndilo lililotoa vyeti vya sekondari Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni, mpaka nchi hizo zilipounda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967. Msichana wa Alliance kule Kikuyu aliyeketi kufanya mtihani wa Cambridge katika miaka ya 1950 alipewa karatasi ile ile aliyopewa mvulana, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwamba hakuna aliyeona ajabu ni kazi iliyoanza na wasichana 83 mwezi Desemba 1863, baadhi yao wakiwa wamefeli hesabu, na mwalimu mmoja wa Camden ambaye alirudi darasani kuwafundisha.