Mwalimu Nyerere na gesi iliyomsubiri ardhini

MKULIMA wa iliki na mdalasini katika milima ya Amani, wilayani Muheza, huuza mazao yake kwa kilo, lakini faida yake huamuliwa pia na bei ya pipa la mafuta. Lori linaloshusha mzigo hadi Muheza mjini linakunywa dizeli. Mfuko wa urea anaoukuzia mahindi unatoka ng'ambo kwa meli. Mafuta yakipanda, nauli inapanda, mbolea inapanda, na mnunuzi anashusha bei ya shambani ili yeye asipate hasara.

Kiongozi aliyepambana na hesabu hiyo kwa miaka yote ya utawala wake ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wanamkumbuka kwa Uhuru, Muungano na Ujamaa. Wachache wanakumbuka kuwa gesi asilia ya kwanza nchini iligunduliwa katika utawala wake, na kwamba alifariki dunia kabla haijawasha hata taa moja.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, kisha Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere nchini Uganda kusomea ualimu. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952 na shahada iliyojumuisha historia na uchumi. Akafundisha Pugu, na Julai 7, 1954 akawa mwenyekiti wa kwanza wa TANU.

Mwaka huo aliorudi kutoka Edinburgh, kampuni za BP na Shell zilianza kutafuta mafuta katika pwani na visiwa. Hazikupanda Amani, na sababu iko kwenye mawe. Milima ya Usambara imejengwa kwa miamba ya kale sana iliyopikwa na joto na mgandamizo wa chini ya ardhi. Miamba ya namna hiyo haihifadhi mafuta. Mafuta na gesi hutokana na mabaki ya viumbe vidogo na mimea vilivyofukiwa na tope kwa mamilioni ya miaka, kisha hupanda na kunaswa ndani ya mchanga uliogeuka mwamba, juu yake pakiwa na tabaka gumu kama mfuniko wa chungu. Matabaka kama hayo yapo chini, ukanda wa pwani na baharini.

Kampuni hizo zilichimba Mafia, Unguja na Pemba, zikaondoka mwaka 1964 bila kupata cha kuuza. Nyerere, aliyekuwa ameiongoza Tanganyika kupata Uhuru Desemba 9, 1961, akabaki na nchi inayonunua nje kila tone la petroli.

Tanga ilikuwa ya kwanza kuonja uchungu wa mafuta, na kwa njia ambayo wengi hawakuitambua. Mkonge ndio uliokuwa ukiingiza fedha nyingi za kigeni, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Lakini viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza kamba za plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ya Mwalimu ikataifisha mashamba mengi ya mkonge, yaani ikachukua biashara ambayo soko lake lilikuwa limeanza kukimbia. Usimamizi dhaifu wa mashirika ya umma ukamalizia kazi.

Wakati huohuo mafuta yalikuwa suala la ukombozi. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikakatiwa njia ya kupitishia mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbaya hadi Zambia. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 likakamilika hadi Ndola. Kabla ya hapo, mwaka 1966, kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilikuwa kimefunguliwa Kigamboni kwa ubia na Waitaliano.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1969. Serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, na kuingia mkataba na kampuni ya AGIP ya Italia. Mkulima atauelewa mkataba huo haraka, kwa kuwa unafanana na ubia wa shamba. Mwenye ardhi anabaki kuwa mwenye ardhi. Anayelima anagharamia jembe na mbegu. Mazao yakipatikana, analipwa gharama zake kwanza, kinachobaki wanagawana. Yasipopatikana, hasara ni yake. Kwa nchi maskini isiyo na fedha za kuchimba kisima kimoja cha baharini, ulikuwa mpango wa busara.

Mwishoni mwa 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani karibu mara nne katika miezi michache. Ukame ukaongezeka juu yake, na nchi ikalazimika kuagiza chakula. Katikati ya shida hiyo, mwaka 1974, AGIP ikagonga gesi katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa. Lakini kampuni ilitafuta mafuta, na gesi wakati huo haikuwa na mnunuzi wa karibu. Ikaona hailipi. TPDC ikaendelea kuchimba visima vingine kujua ukubwa wa hazina hiyo.

Kwa mkulima, hapo ndipo penye kiini cha habari. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani. Kiwandani hutolewa haidrojeni yake, ikaunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na amonia hugeuzwa urea. Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea tangu mwaka 1972, lakini kilijengwa kutegemea malighafi za kuagizwa nje. Fosfeti ya Minjingu ilianza kuchimbwa mwaka 1983 kukisaidia, ila amonia na salfa ziliendelea kudai dola. Mwaka 1991 kiwanda kikafungwa.

Dola zenyewe hazikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikapiganwa 1978 hadi 1979, na mapinduzi ya Iran yakapandisha tena bei ya mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 takribani nusu ya mapato ya mauzo ya nje yaliishia kwenye mafuta. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Mazao yalikaa maghalani kwa kukosa lori, na wenye maduka waliuza rafu tupu.

Serikali ya Mwalimu ilipitisha sheria mpya ya petroli mwaka 1980, gesi nyingine ikapatikana Mnazi Bay mwaka 1982, na kampuni ya KILAMCO ikaundwa kujenga kiwanda cha amonia na urea Kilwa. Mtaji haukupatikana. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999.

Gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo kwa bomba mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, na ikaanza kuzalisha umeme. Utafiti wa kina kirefu uliofuata tangu 2010 umefikisha makadirio ya gesi nchini hadi futi za ujazo trilioni 57. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, limeelekezwa Chongoleani, Tanga. Hilo linaleta kazi na tozo, lakini halishushi bei ya dizeli Muheza, kwa kuwa mafuta hayo ni ya kusafirishwa nje na Tanga haina mtambo wa kuyasafisha.

Mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulipita Sh100,000, Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Nchi yenye gesi ilikuwa ikinunua gesi ya wengine ndani ya mifuko ya mbolea.

Mwalimu alikosea katika mkonge na katika mashirika mengi. Katika gesi alifanya jambo moja sahihi: aliweka umiliki mikononi mwa taifa kabla mali yenyewe haijaonekana. Alichoshindwa ni kuifikisha shambani. Mkulima wa Amani hatapimia hazina ya Kilwa kwa trilioni za futi. Ataipimia kwa bei ya mfuko mmoja wa urea siku mvua za masika zinapoanza.